Dada Yangu na Chupa Namba Saba

Dada yangu alikuwa mlishaji wa seli za saratani. Nalisema wazi, maana siku za msiba nilisikia mengi. Shangazi yetu alisema mbele za watu kwamba kazi ile ndiyo iliyomuua, kwamba mtu hawezi kukaa chumba kimoja na ugonjwa miaka ishirini na miwili usimfuate nyumbani. Nilinyamaza kwa heshima. Leo nasema. Dada alikufa kwa kiharusi, Jumanne asubuhi, akiwa anafunga viatu aende kazini. Saratani haiambukizi kwa kukaa nayo chumba kimoja. Siku zake alipewa na Mungu, na Mungu hahitaji chupa za maabara kuzihesabu.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kushuku. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoa kwanza mkono dirishani. Maziwa aliyanusa, mizani ya sokoni aliikagua chini na juu, na mtu akisifiwa sana aliuliza, "Nani amesema?" Aliishi nasi, mimi, mume wangu na mama yetu, katika chumba cha nyuma. Mume wangu alipenda kumchokoza.

"Shemeji, huyo kuku umemwomba kitambulisho?"

"Cheka tu. Siku tumbo likikukata utaniita."

"Nikikuita utakuja?"

"Nitakuja. Nikishahakikisha kwamba ni tumbo kweli."

Maabara yao ilichunguza jeni moja. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza yeye, jioni, tukichambua mboga. Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo yanayosema igawanyike lini, na mengine yanayosema ikome. Hayo ya kukoma yamo kwenye jeni zinazozuia uvimbe. Zikiharibika, seli inagawanyika bila kuuliza. "Gari kwenye mteremko, breki zimekatika," alisema. Wao walikuwa na seli zilizotolewa miaka mingi nyuma kwenye uvimbe wa mwanamke mmoja, nazo zilikuwa zimepoteza breki hiyo kabisa. Waliziingizia jeni nzima ili waone kama zitapunguza mwendo. Kundi la pili waliliingizia kibebeo kitupu, kisicho na jeni, wapate cha kulinganisha. Dawa iliua zile ambazo hazikupokea chochote, kisha ikaondolewa. Zilizobaki zilikuwa za dada. Alizilisha, alizihesabu, alizihamisha zikijaa chupa.

Zile zilizopewa jeni zilikwenda taratibu kweli, akazipa jina, Wapole. Lakini kwenye kitamizi hichohicho, lile kabati lenye joto la mwili wa binadamu, kulikaa pia seli nyingine za uvimbe wa mapafu zilizotumika kwenye utafiti tofauti. Hizo alizibatiza Magugu. Seli moja tu ya Magugu ikidondokea chupa ya Wapole, huioni. Inakula chakula kilekile, inagawanyika mara mbili wakati mwenzake hajagawanyika hata mara moja, na baada ya wiki kadhaa chupa nzima ni Magugu, huku lebo bado inasema Wapole.

Ndiyo maana chumba kile kilikuwa na sheria. Kila aina na chupa yake ya chakula, yale maji mekundu yanayogeuka manjano seli zikishiba, maana tone linalorudi humo laweza kubeba seli. Wapole hulishwa kwanza. Kisha unafuta meza kwa spiriti, unasubiri robo saa, ndipo Magugu yanatolewa. Na kila chupa ya chakula ina namba, na namba hiyo unaiandika daftarini kila unapoitumia. Hiyo ya namba aliianzisha dada mwenyewe. Wenzake waliifuata wakinung'unika.

Aliyenung'unika zaidi ni fundi mwenzake waliyemwita Chapuchapu. Alikuwa mwanaume wa makamo, baba wa watoto watatu, na wa nne alizaliwa mwaka huohuo. Jina alilipata kwa sababu kazi ya saa mbili aliimaliza kwa saa moja na dakika tano, na zile dakika tano zilikuwa za kupiga hadithi. Yeye ndiye aliyeshughulikia Magugu siku nyingi.

Sasa, wiki ya tisa, Wapole wakaanza kukimbia.

Mkuu wa maabara, waliyemwita Daktari, alifurahi mno. Alikuwa mwanamke mwenye bidii, na alikuwa amesubiri jambo kubwa kwa miaka. Walipovunja seli na kupitisha protini zake kwenye jeli kwa umeme, ule mstari mweusi unaoonyesha kwamba jeni inafanya kazi ulikuwa umefifia hadi kukaribia kutoweka. Akasema saratani imegundua njia ya kuizima breki yake mpya. Akaanza kuandika makala ya kupeleka kwenye jarida.

Dada akaweka jicho kwenye hadubini, akakaa muda mrefu.

"Hawa si wangu," alisema.

"Mama, seli hubadilika," Daktari akamjibu.

"Hubadilika tabia, Daktari. Sura hii ni ya watu wengine."

Alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Akasimama dirishani na kikombe mkononi. Nikajua tayari ameanza kumtafuta mtu.

Alimsumbua Daktari mpaka sampuli ikapelekwa maabara ya nje kwa kipimo cha vinasaba, ambacho ni kama alama za vidole za seli. Majibu yakarudi kwamba ndani ya chupa ile mna seli za watu wawili, na mmoja ni yule wa mapafu. Makala ikasimama. Daktari, aliyekuwa amekwisha kuwaambia wakubwa wake habari njema, akawa anapita kwenye korido bila kusalimia. Swali likabaki moja tu. Nani?

Dada hakuwa na shaka. Au niseme, shaka yake yote ilikwenda kwa mtu mmoja.

"Ni yule wa haraka," aliniambia. "Anafungua chupa simu iko begani."

"Umemwona akichanganya?"

"Sijamwona."

"Basi?"

"Ningemwona ningekuwa nimemzuia."

"Dada, kumdhania mtu vibaya ni dhambi."

"Na uzembe je, wenyewe ni sadaka?"

Akaanza kumpeleleza. Aliweka alama ya kalamu nyembamba kwenye lebo za chupa, mahali maji yalipofikia, aone nani ametumia kiasi gani. Alihamisha kiti chake mpaka mahali ambapo kioo cha kabati kilimwonyesha mikono ya Chapuchapu. Akachukua daftari na kusoma kila ukurasa wenye mwandiko wa Chapuchapu, wa miezi mitano, akitafuta namba iliyokosewa. Alipata kurasa mbili zisizo na namba kabisa, akazipeleka kwa Daktari.

Chapuchapu hakuwa mjinga. Siku moja wakati wa chai alishika kikombe chake juu, watu wote wakiwepo.

"Dada, hata chai yangu umeitia alama?"

"Chai yako haina Magugu."

"Umejuaje? Umeshaipima?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka.

Wiki hiyo akapewa barua. Ajieleze kwa maandishi, na Ijumaa inayofuata asimame mbele ya watu wa maabara na ofisi. Maelezo yasiporidhisha, mkataba wake unaishia hapo. Mtoto wake wa nne alikuwa bado ananyonya. Chumbani watu wakaacha kukaa naye karibu. Mtu akishukiwa, hata kijiko alichoshika kinaoshwa mara mbili.

Hapa lazima nieleze tabia moja ya dada. Kila Jumatatu alipohamisha seli kwenda chupa mpya, alichukua kiasi kidogo, akakitia kwenye kichupa na kukigandisha ndani ya tangi la naitrojeni, tarehe ikiwa juu yake. Wengine waligandisha mara moja kwa mwezi, yeye kila wiki. Akaona sasa vichupa hivyo vitampa ushahidi wa mwisho. Angeviyeyusha kimoja kimoja akirudi nyuma mpaka apate wiki ambayo Wapole walikuwa bado safi, ajue uchafu uliingia siku zipi, kisha aonyeshe jina la aliyekuwa zamu. Alitaka kuingia kwenye kikao cha Ijumaa na kidole kilichonyooka.

Daktari akamwongezea Chapuchapu wiki tatu ili kazi hiyo iishe. Seli zilizoganda haziamki kwa kofi. Unaziyeyusha kwa haraka, unazilisha, unazisubiri. Dada alizisubiri akihesabu siku kwa sauti mezani kwetu. Wiki ya nane chafu. Ya saba chafu. Ya sita chafu. Ya tano chafu. Ya nne ikawa safi, mstari mweusi umekolea kama wino, na kipimo cha vinasaba kikasema mtu mmoja tu.

Kwa hiyo uchafu uliingia kati ya Jumatatu ya wiki ya nne na Jumatatu ya wiki ya tano. Akaenda kwenye orodha ya zamu. Wiki hiyo nzima Chapuchapu hakuwepo kazini. Alikuwa likizo, mkewe amejifungua.

Hilo lilitokea Jumatano, siku mbili kabla ya kikao. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanikuta jikoni. Hakuvua viatu. Akaweka simu yake mezani mbele yangu, picha ya ukurasa wa daftari ikiwa wazi.

"Soma hapa. Wapole, chupa ya kwanza, chakula namba ngapi?"

"Nne."

"Ya pili?"

"Nne."

"Ya tatu?"

"Saba."

"Nne ni chakula cha Wapole. Saba ni cha Magugu. Mwandiko wa nani huo?"

Nilikuwa nimeshautambua. Ulikuwa mwandiko ulioniandikia barua nilipokuwa shule ya bweni, herufi zimesimama wima kama askari.

"Wako," nikasema.

"Na tarehe?"

Nikaangalia tarehe. Ilikuwa Alhamisi ile mama alipoteleza bafuni. Saa nne asubuhi nilimpigia dada nikilia kwamba mama yuko chini na hasemi. Kumbe alikuwa amevunjika kifundo cha mkono tu, na hakusema kwa sababu alikuwa amekasirika. Lakini mimi sikujua, nikapiga kelele kwenye simu, nikakata. Dada aliacha Wapole wawili wamelishwa na wa tatu bado. Akatoka kwenye korido, akanipigia, sikupokea. Aliporudi mezani akatoa Magugu, ambayo wiki ile yalikuwa juu yake kwa kuwa Chapuchapu hayupo, akayalisha kwa namba saba. Kisha akaona chupa moja ya Wapole haijalishwa. Akailisha kwa kile kilichokuwa mkononi. Mkono ukaandika kilichoonekana kwenye lebo, saba, kwa uaminifu wote, na kichwa hakikuwepo. Chupa hiyo ya tatu ndiyo iliyojaa kwanza wiki ile, na iliyojaa kwanza ndiyo huchaguliwa kuendelezwa.

"Ni simu yangu," nikasema.

"Simu ilikuwa yako. Mkono ulikuwa wangu."

"Lakini daftari si ulilisoma lote?"

"Nilisoma kurasa zake."

Mama akaita kutoka sebuleni. "Nani amekufa huko?"

"Hakuna, mama. Ni seli."

"Basi mbona hamli?"

Ninayoandika sasa sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilimshika dada mkono nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine ameuona ukurasa huu?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza kwanza. Hajafukuzwa bado. Huenda watamsamehe tu. Tumwombe Mungu afungue njia."

Aliniangalia kama alivyoangalia maziwa ya jana.

"Mungu nimeshamwomba, njiani kote nikija. Njia iko wazi, ni chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Wewe unataka aifunge."

"Miaka yote hii, dada! Watakutoa. Na yule mtu si mwema kiasi hicho, umesema mwenyewe ana kurasa zisizo na namba."

"Anazo. Na za kwake ataulizwa yeye. Hii ni yangu."

Nilikasirika. Nilisali usiku huo na sala yangu haikuwa safi, kwa sababu niliomba Ijumaa isifike. Mungu anajua hilo, nami nimelitubu.

Ijumaa aliniomba nimpigie pasi gauni la kijivu. Yaliyotokea kikaoni aliniambia kwa kifupi, na Chapuchapu aliniambia kwa kirefu. Chapuchapu alikuwa amekuja na kurasa tisa za kujitetea, ameziandika yeye na mkewe. Hakujua uchafu uliingia wiki gani. Aliyejua alikuwa dada peke yake, na vichupa vilikuwa vyake, na kama angesema havikuamka, nani angembishia? Kabla Chapuchapu hajaanza kusoma, dada akasimama.

"Mwenzangu akae. Aliyechanganya ni mimi. Tarehe ni hii, chupa ni hii, na nimeandika mwenyewe."

Akapitisha daftari mkono kwa mkono. Daktari akausoma ukurasa mara mbili.

"Ulisoma kurasa zake za miezi mitano, Mama. Kwa nini hukuanza na zako?"

"Zangu nilikuwa nazijua."

"Ulizijua?"

"Niliziamini," dada akasema. Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Kaka, nimekuvunjia jina mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu haohao."

Watu wa hadithi wangekumbatiana hapo. Chapuchapu alikunja kurasa zake tisa, akazitia mfukoni, akasema, "Nimekusikia." Akatoka. Hakumsalimia dada kwa miezi miwili, na dada hakulalamika. Aliniambia, "Ukimchoma mtu, halazimiki kukushukuru kwa kuleta maji."

Makala ikaondolewa. Dada akatolewa chumba cha seli kwa nusu mwaka, akawekwa kwenye kuosha vyombo vya kioo na kupima chumvi za dawa. Mafundi aliowafundisha mwenyewe walimletea chupa chafu aoshe. Aliziosha, na jioni aliniambia chupa ipi ilikuja na uchafu ambao haikupaswa kuwa nao.

Kazi ikaanzwa upya kutoka kwenye kile kichupa cha wiki ya nne. Daktari akampa Chapuchapu. Kwa wiki kumi na sita Wapole walibaki wapole, na mstari mweusi ukabaki palepale. Breki ilishika. Halikuwa jambo kubwa la kutangazwa, ilikuwa taarifa fupi tu ya kusema kwamba jeni hii ikirudishwa kwenye seli hizi, zinapunguza mwendo na zinaendelea kupunguza. Lakini lilikuwa la kweli.

Nusu mwaka ulipokwisha, Daktari akamrudisha kwa sharti kwamba kila jioni mtu mwingine asome ukurasa wake na kutia sahihi. Akamwambia achague mtu. Dada akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Chapuchapu.

"Mimi?" Chapuchapu alishangaa. "Mimi uliyenipimia chai?"

"Ndiyo maana. Wengine wananipenda."

Hivyo wakaishi miaka minne. Kila jioni yule mtu wa haraka alikaa chini akasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, na dada akasimama pembeni na mkoba wake begani akisubiri. Siku nyingine alimrudisha ndani akahakikishe lebo. Dada alikuja nyumbani amechelewa na amefurahi. "Leo amenishuku mara mbili," alisema, akivua viatu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Chapuchapu alikuja nyumbani. Alileta koti la dada, limefuliwa na kukunjwa, na miwani yake ya akiba. Mama alimkaribisha, mume wangu akampa kiti. Alikaa, akavua kofia.

"Dada mdogo," akaniambia, "kuna ukurasa wa Jumatatu. Ule wa mwisho. Nilitoka mapema siku ile, nikasema nitausoma kesho asubuhi."

"Una nini?"

"Chupa zote zina namba. Saa ya kuanza ipo. Saa ya kumaliza hakuandika."

"Labda alisahau."

"Labda. Daktari anasema nitie sahihi tu, marehemu hana kosa. Wote wanasema hivyo." Alizungusha kofia yake mikononi. "Mimi siwezi. Sikuona alimaliza saa ngapi. Nikisaini nitakuwa nimesema nimeona."

Mume wangu akataka kumwambia kitu cha kumtuliza, nikamzuia kwa mkono. Nilimfikiria dada akisimama pale na mkoba begani, akimngoja huyu mtu amalize kumshuku.

"Usisaini," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akainama, akalia kwa mara ya kwanza. Tukaomba pamoja, kwa maneno machache. Daftari limerudishwa kabatini, na chini ya ukurasa ule hakuna jina la mtu.